Sindano ya kijani inaweza kuwa imeshaumia

Watu wengi wakitaka kujua kama msonobari una afya hutazama rangi. Ukiwa wa kijani wanapita zao. Ukianza kuwa wa manjano, au ncha za majani zikikauka, ndipo maswali yanapoanza. Kazi yangu ni ya maabara: nakausha, nasaga na kupima majani ya miti, hasa yale majani membamba ya misonobari na ya misprusi (spruce, miti jamaa ya msonobari), ambayo tunayaita sindano. Kazi hiyo imenifanya nisiiamini rangi peke yake, kwa sababu mara nyingi ndiyo dalili inayochelewa kufika. Sindano ikiwa bado ya kijani kabisa, salfa ndani yake inaweza kuwa imepanda mara mbili, kalsiamu inayoshikilia utando wa seli ikawa imepungua, nta ya juu ikawa imechakaa, na mti ukawa umeanza kutumia sukari yake kujitibu badala ya kukua. Naandika haya kwa sababu tukizungumzia hewa chafu huwa tunaishia kwenye mapafu yetu. Miti inasimama ndani ya hewa hiyohiyo usiku na mchana, na haina pa kukimbilia.

Nianze na umri. Jani la mti unaopukutisha huota, hufanya kazi msimu mmoja, kisha huanguka pamoja na uchafu wote liliouchukua. Sindano haiondoki haraka hivyo. Msonobari wa kawaida wa Ulaya hubaki na sindano zake miaka 2 hadi 4. Msprusi wa Norway unaweza kuzishika miaka 5 hadi 7 na hata zaidi. Magharibi mwa Marekani kuna misonobari ya milima mirefu ambayo sindano moja inaweza kukaa mtini zaidi ya miaka 30. Muda wote huo inapokea mvua, ukungu, vumbi na gesi, hata majira ya baridi ambapo miti mingine imeshavua majani. Hiyo ni sababu mojawapo ya miti ya jamii hii kuwa miongoni mwa ya kwanza kuumia hewa inapoharibika, na ndiyo sababu sisi wapimaji tunaitegemea sana.

Umri wa sindano husomwa kwenye tawi. Shika tawi la msprusi uanzie nchani. Kipande cha mwisho, chenye sindano za kijani chepesi, ni cha mwaka huu. Rudi nyuma kwa kidole mpaka ukutane na pete nyembamba ya makovu, mahali ambapo magamba ya chipukizi yalikuwa yamejishikiza. Hapo ndipo mwaka jana ulipokomea. Kipande kinachofuata ni cha mwaka jana, kinachofuata tena ni cha mwaka juzi, na kadhalika mpaka ufike kwenye kijiti kitupu. Kila kipande hukatwa na kuwekwa kwenye mfuko wake wa karatasi. Ukizichanganya sindano za miaka tofauti, kipimo kinapoteza maana, kwa sababu mti huhamisha virutubisho vyake wenyewe. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu hutolewa kwenye sindano kuukuu na kupelekwa kwenye changa. Kalsiamu haihamishwi hivyo. Hubaki na kuongezeka mwaka hadi mwaka, nyingine ikiganda kuwa fuwele za oksaleti. Basi nikikuta kalsiamu nyingi kwenye sindano ya miaka mitatu sishtuki. Nikikuta salfa inapanda hatua kwa hatua kutoka kipande cha ncha mpaka cha nyuma, hapo naanza kuuliza mti huo umesimama wapi.

Kinachokutana na hewa kwanza ni nta. Tazama sindano changa kwa kioo cha kukuzia, utaona mistari ya vitone vyeupe imepangika kwa urefu wake. Kila kitone ni tundu la kupumulia, na weupe ule ni nta iliyojaa kwenye kijishimo kilicho juu ya tundu. Chini ya hadubini ya elektroni nta hiyo ni vijibomba vidogo mno vilivyosongamana, na sehemu kubwa ya vijibomba hivyo imetengenezwa kwa alkoholi ya aina moja, yenye mnyororo wa kaboni 29. Hewa hupenya katikati yao, maji hayapenyi. Dondoshea tone la maji juu ya sindano ya namna hiyo: litasimama kama shanga, na ukiiinamisha kidogo litaviringika na kuanguka.

Sasa chukua sindano ya umri uleule kutoka kwenye mti uliokulia karibu na moshi. Tone halisimami vizuri. Linalala, linatanda, linabaki. Ukiirudia kwa hadubini unaona vijibomba vimeungana na kuwa tabaka bapa lisilo na umbo, na baadhi ya matundu yamezibwa kabisa. Nta huchakaa hata kwenye hewa safi, kwa upepo, kwa kusuguana na kwa umri tu, lakini hewa chafu huharakisha uchakavu huo. Matokeo yake ni mawili na yote ni mabaya. Maji yenye asidi yanakaa juu ya sindano muda mrefu zaidi yakichuja madini kutoka ndani, na mti unapoteza udhibiti wa maji yake yenyewe. Mimi huipima nta kabla ya kitu kingine chochote. Wenzangu wengine hukimbilia salfa. Kila mtu na utaratibu wake.

Salfa yenyewe ina historia ndefu. Kule Tharandt, Saxony, Ujerumani, mkemia Julius Adolph Stöckhardt alikuwa akichunguza misitu iliyokuwa ikifa jirani na viwanda vya kuyeyusha madini, na mwaka 1871 alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa gesi ya salfa dioksidi iliyomo kwenye moshi huo inadhuru misprusi hata ikiwa kidogo sana hewani, ilimradi mti upigwe nayo tena na tena. Hiyo tena na tena ndiyo kiini cha jambo lote, na ndiyo ambayo wenye viwanda wamekuwa wakiikwepa tangu wakati huo kwa kusema kiwango cha siku moja hakikuwa kikubwa.

Gesi hiyo huingia kupitia tundu la kupumulia pamoja na hewa ya kaboni ambayo mti unaihitaji. Ndani ya sindano kuta za seli zina unyevu, na salfa dioksidi huyeyuka kwa urahisi sana majini. Ikishayeyuka inakuwa bisalfaiti na salfaiti, na hizi ndizo sumu. Zinagombea nafasi na kaboni kwenye kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa sukari. Kwenye mwanga, zinapogeuzwa kuwa salfati, huzaa aina kali za oksijeni zinazochoma mafuta ya utando wa seli. Dozi ikiwa kubwa, asidi hung'oa atomu ya magnesiamu iliyo katikati ya umbijani, na umbijani usio na magnesiamu si kijani tena, ni rangi ya mzeituni inayoelekea kahawia. Lakini hapo ndipo mtu wa kawaida anapoanza kuona, na mimi nazungumzia miaka iliyotangulia siku hiyo.

Katika miaka hiyo sindano inapambana. Salfati haina ukali wa salfaiti, kwa hiyo mti huigeuza upesi na kuiweka kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ulio ndani ya seli. Kiasi kingine hutumika kutengeneza sisteini, amino asidi yenye salfa, na kutokana na sisteini hutengenezwa glutathioni, mojawapo ya kinga kuu za seli dhidi ya oksijeni kali. Kiasi kidogo hurudishwa hewani kama gesi ya salfidi ya hidrojeni. Ni kazi nzuri sana, na nikiiona kwenye vipimo huwa naiheshimu. Ila ina gharama. Kila salfati inayoingia vakuoli ina chaji hasi na lazima isindikizwe na potasiamu, magnesiamu au kalsiamu, madini yaleyale ambayo mti unayahitaji kwingine. Kwa hiyo salfa ikizidi, njaa ya madini huja nyuma yake.

Namna ya kujua kama salfa imezidi ni nzuri kiasi kwamba nataka kuieleza. Salfa ambayo mti unaihitaji hukaa zaidi kwenye protini, na protini za sindano zina uwiano usioyumba sana: takriban atomu 3 za salfa kwa kila atomu 100 za naitrojeni. Ukipima naitrojeni, unajua protini inadai salfa kiasi gani. Kinachobaki juu ya hapo ni salfati iliyowekwa tu bila kazi, na kwenye eneo la viwanda hicho ndicho kinachopanda. Kwa jumla, sindano ya msprusi kwenye hewa safi huwa na takriban gramu 1 ya salfa kwa kila kilo ya uzito mkavu. Austria waliingiza jambo hili kwenye sheria mwaka 1984: sindano za msprusi za mwaka wa kwanza zikizidi asilimia 0.11 ya salfa, au za mwaka wa pili zikizidi asilimia 0.14, msitu huo huhesabika kuwa umefikiwa na uchafu. Naipenda sana sheria hiyo. Inaruhusu mti wenyewe utoe ushahidi. Bomba la moshi linaweza kupimwa siku ambayo kiwanda kimepunguza kazi, lakini sindano ilikuwepo usiku ambao hakuna aliyekuwa akipima.

Na ushahidi wa namna hii umewahi kufika mbele ya majaji. Kiwanda cha kuyeyusha zinki na risasi cha Trail, British Columbia, kilikuwa kikitoa moshi uliofuata bonde la mto Columbia hadi upande wa Marekani. Kanada na Marekani zilipelekana kwenye usuluhishi ulioamuliwa mwaka 1938 na 1941, na sehemu ya kazi ya wanasayansi ilikuwa kupima salfa katika majani ya miti ya bonde lile, ikiwemo misonobari, kuona jinsi inavyopungua kadiri unavyokwenda mbali na kiwanda. Uamuzi wa mwaka 1941 bado husomwa na wanafunzi wa sheria ya mazingira duniani kote.

Palipoumia zaidi ni milima iliyo mpakani mwa Ujerumani na Czechia, inayoitwa Erzgebirge upande mmoja na Krušné hory upande wa pili. Pamoja na sehemu ya jirani ya Poland, eneo hilo lilikuja kuitwa Pembetatu Nyeusi. Mitambo ya umeme iliyokuwa ikichoma makaa ya mawe ya kahawia yenye salfa nyingi ilizunguka mabonde yake, na miaka ya 1970 na 1980 misprusi ya juu ilikufa mlima baada ya mlima. Mara nyingi pigo la mwisho lilikuwa baridi. Kuingia mwaka 1979 joto liliporomoka zaidi ya digrii 20 ndani ya siku moja hivi, na miti ambayo sindano zake zilikuwa zimejaa salfa haikustahimili. Upande wa Czechia walipanda msprusi wa bluu kutoka Marekani ya Kaskazini, kwa kuwa uliweza kuvumilia hewa ile. Mitambo ya Czechia ilifungiwa vichujio vya salfa kufikia mwisho wa 1998, na salfa hewani ikashuka sana.

Kwa nini baridi imuue mti uliolishwa salfa? Jibu zuri zaidi ninalolifahamu limetoka kwenye msprusi mwekundu wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, na linahusu kalsiamu.

Kalsiamu nyingi ya sindano ama imefungwa kwenye kuta za seli ama imeganda kuwa oksaleti, na hizo hazisaidii kitu dharura ikitokea. Lakini kuna kiasi kidogo sana kilichojishikiza kwenye utando wa seli kwa nje. Hicho ndicho kinachoufanya utando uwe imara, na hicho ndicho seli inachokitumia kama ishara ya kujiandaa baridi inapokaribia. Milimani miti hii haisubiri mvua tu. Inakaa ndani ya mawingu saa nyingi, na maji ya mawingu huwa na asidi kali kuliko mvua ya bondeni. Ioni za hidrojeni zikifika kwenye sindano hubadilishana nafasi na kalsiamu ya utando, nayo kalsiamu inaondoka na maji. Ukipima kalsiamu yote ya sindano huoni tofauti kubwa, kwa sababu akiba iliyoganda bado ipo. Kilichokwisha ni kile kidogo chenye kazi. Wanasayansi ilibidi watafute namna ya kukitenga peke yake ndipo mambo yakaeleweka.

Msprusi mwekundu tangu asili hauna akiba kubwa ya kustahimili baridi. Unatosheleza tu mahitaji ya huko unakoishi. Ukungu wenye asidi ukiupunguzia digrii chache, sindano za mwaka huo zinaganda, na majira ya baridi yakiisha zinakuwa nyekundu-kahawia na kuanguka, wakati sindano kuukuu za tawi hilohilo zimebaki kijani. Mti unaopoteza sindano zake changa mara kwa mara unaishiwa. Kwenye mlima wa Camels Hump, Vermont, sehemu kubwa ya misprusi mikubwa ilikufa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Mwaka 2003 madhara ya baridi yalirudi kwa ukubwa katika eneo zima. Wakati huohuo sheria ya hewa safi ya Marekani iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1990 ilikuwa imeanza kupunguza salfa, na katika miongo ya karibuni misprusi hiyo imeanza tena kuongeza unene. Udongo ndio unaochelewa. Kalsiamu iliyochujwa na mvua ya asidi kwa miongo mingi hurudi polepole, kadiri mwamba unavyomomonyoka.

Magnesiamu nayo ina alama yake, na hii huonekana kwa macho. Milima ya Fichtelgebirge, Bavaria, miaka ya 1980, misprusi iligeuka manjano ya dhahabu upande wa juu wa matawi, kwenye sindano kuukuu, huku za mwaka huo zikiwa kijani. Mvua ya asidi ilikuwa imeondoa magnesiamu udongoni, na mti ukawa unaihamisha kutoka sindano za nyuma kuzilisha za mbele. Ujerumani walirusha chokaa yenye magnesiamu juu ya misitu kwa helikopta. Mahali pengi ilisaidia, na miti ikarudia kijani.

Naitrojeni inanipa wasiwasi kuliko salfa kwa sasa, hasa kwa sababu mwanzoni inaonekana kama zawadi. Oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini na amonia kutoka kwenye samadi na mbolea hufika kwenye msitu kama chakula. Sindano zinarefuka, zinakolea kijani, mti unakua. Ila kukua huko kunadai magnesiamu, potasiamu na fosforasi ambazo hazijaongezeka. Naitrojeni isipopata pa kwenda, mti huihifadhi kwenye arginini, amino asidi yenye atomu 4 za naitrojeni katika molekuli moja. Arginini ikijaa kwenye sindano za msonobari ni dalili ya wazi kwamba mti umelishwa kupita kiasi. Uholanzi, kwenye misonobari iliyo karibu na ufugaji mkubwa wa nguruwe na kuku, jambo hili lilijitokeza sana, na kuvu wanaokausha machipukizi waliipata miti hiyo kwa urahisi. Hapa rangi inadanganya kabisa: mti wenye kijani kilichokolea kuliko wote ndio unaoweza kuwa na uwiano mbaya kuliko wote.

Ozoni haiachi kitu cha kupima moja kwa moja. Haitoki kwenye bomba lolote. Huzaliwa hewani, jua linapokutana na oksidi za naitrojeni na mivuke ya petroli, kisha husafiri. Kwenye milima ya San Bernardino, California, misonobari ya ponderosa ilianza kuwa na madoa ya manjano miaka ya 1950, na kwa muda ugonjwa huo haukuwa na maelezo. Mwaka 1963 majaribio yalithibitisha kwamba ni ozoni, iliyokuwa ikipandishwa na upepo kutoka bonde la Los Angeles. Miti iliyoathirika ilibaki na sindano za mwaka mmoja au miwili tu badala ya mitatu au minne, na mbawakawa wa magome wakaimaliza.

Ozoni ikipita kwenye tundu la kupumulia hukutana kwanza na vitamini C iliyo kwenye unyevu wa kuta za seli. Vitamini hiyo inajitoa ichomwe yenyewe, halafu glutathioni husaidia kuirudisha katika hali yake, na mzunguko huo unaendeshwa kwa nishati ya mti. Maadamu mzunguko unatosha, sindano ni ya kijani. Ukizidiwa, mafuta ya utando huharibika, seli moja moja hufa, na vifo hivyo vilivyotawanyika ndivyo yale madoa ya manjano yasiyo na mpaka maalumu. Ozoni yenyewe imeshatoweka kufikia hapo, kwa hiyo tunapima majeraha na ulinzi: vitamini C, glutathioni, vimeng'enya, fenoli zinazoongezeka. Vilevile ozoni huvunja terpeni, mivuke inayoupa msonobari harufu yake. Nimewahi kusikia watu wakisema miti inachafua hewa kwa terpeni zake. Nalikataa neno hilo. Bila oksidi za naitrojeni tunazozitoa sisi, mivuke ile haizalishi ozoni hewani.

Floridi ni rahisi kuitambua. Hutoka kwenye viwanda vya alumini, matofali na mbolea ya fosfeti, huingia kwenye sindano na kusukumwa na mkondo wa maji mpaka nchani, ambako hujikusanya. Ncha hufa na kuwa kahawia, na kati ya palipokufa na palipo hai kuna mstari mkali. Kwenye hewa safi huwa chini ya miligramu 10 kwa kilo.

Nta ninayoipima mwanzo wa kazi ina faida nyingine: inanasa vitu vinavyopenda mafuta, kama hidrokaboni za moshi wa injini na viuatilifu vya zamani, na kuvihifadhi kwa miaka. Vumbi la metali nalo hujishikiza hapo, kama nikeli na shaba kwenye misonobari ya Monchegorsk, kaskazini mwa Urusi. Ujerumani wamekuwa wakihifadhi machipukizi ya mwaka mmoja ya misprusi na misonobari kwenye ubaridi wa naitrojeni kimiminika tangu miaka ya 1980, na vipimo vya sampuli hizo vinaonyesha wazi risasi ikishuka baada ya petroli yenye risasi kuondolewa sokoni.

Niseme mambo machache kwa anayefikiria kupeleka sindano maabara kwa sababu anaishi karibu na chanzo cha moshi. Kama mahali hapo kuna majira ya baridi, chuna wakati huo mti ukiwa umelala, maana wakati wa kuchipua virutubisho viko safarini na namba zinabadilika wiki hadi wiki. Chukua kwenye theluthi ya juu ya mti, upande unaopata mwanga, kwa sababu sindano za kivulini zina kemia tofauti. Tenga kila mwaka kwenye mfuko wake. Vaa glavu, kwani chumvi ya mikono inaingia kwenye kipimo. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa siku kadhaa huivundisha sampuli, kwa hiyo tumia karatasi.

Omba sampuli igawanywe mara mbili. Nusu ipimwe kama ilivyo, na nusu isuuzwe kwa klorofomu kwa sekunde chache kabla ya kukaushwa, ili nta itoke pamoja na vumbi lililonasa humo. Tofauti kati ya nusu hizi mbili ndiyo inayokuambia ni kiasi gani kilikuwa juu ya sindano na ni kiasi gani kimeshaingia. Chuma na risasi nyingi hutoka na nta. Salfa hubaki, kwa kuwa iko ndani ya seli. Maabara nyingi hazifanyi hivyo mpaka uombe.

Na usilete mti mmoja. Leta sindano za miti ya aina ileile, ya umri unaokaribiana, kwenye udongo unaofanana, mingine ikiwa karibu na moshi, mingine mbali zaidi, na mingine upande ambao upepo unatoka. Namba ya mti mmoja mwenye kiwanda ataipinga kwa kusema udongo wa hapo ndivyo ulivyo. Namba zinazoshuka kadiri unavyokwenda mbali na bomba lake, kwenye sindano za mwaka jana na za mwaka juzi vilevile, ni ngumu zaidi kuzipinga.